Mkunazi Uliotugombanisha

Mume wangu aliona miiba. Mimi niliona kivuli. Bibi yake kule Kisarawe aliona madaftari ya shule. Mti ni huohuo mmoja, na nusura utuvunjie nyumba kabla hata hatujaezeka.

Mpenzi msomaji, kama mmewahi kujenga mkiwa wawili, najua umeshaanza kutabasamu. Watu husema ukitaka kumjua mwenzi wako, safiri naye. Mimi nasema jenga naye. Chagueni pamoja rangi ya bati, gawaneni hela ya mwisho kati ya nondo na saruji, halafu mtuambie kama bado mnaitana "mpenzi".

Sisi tulianza kama wanavyoanza wengi wa rika letu. Kodi ya Dar ilikuwa imetuchosha, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na mshahara uko palepale. Rafiki wa rafiki akasema Kibaha bado kuna viwanja. Si mbali kivile, kilomita 40 hivi kutoka katikati ya jiji kwa Barabara ya Morogoro. Basi kila Jumamosi ikawa safari: tunapita Mbezi, tunapita Kiluvya, tunashuka Mailimoja kununua maji na chapati za mafundi, kisha bodaboda mpaka kiwanjani.

Kiwanja chetu kilikuwa na nyasi, kichuguu kimoja na mkunazi. Huo mkunazi ulisimama mbele kabisa, pale ambapo kwenye ramani ya mume wangu gari lingeingilia. Nasema "lingeingilia" kwa sababu gari lenyewe hatukuwa nalo.

"Mzee kasema ukatwe leo"

Jumamosi moja nilitangulia peke yangu. Nikamkuta fundi ana shoka mkononi na tawi moja kubwa liko chini, majani bado mabichi. Nikamwuliza kulikoni.

"Mzee kasema ukatwe leo, mama."

Huyo "mzee" ana miaka 36. Nikampigia simu.

"Si nilikwambia?" akasema.

Hakuniambia. Labda aliniambia moyoni mwake, si unajua tena wanaume. Nikamwambia tungekaa kwanza tuzungumze. Akacheka, na kusema ule ukweli kicheko kile ndicho kilichoniuma kuliko tawi.

"Sasa mti wa miiba nao unahitaji kikao?"

Nikamwambia fundi aache. Fundi naye akabaki ameshika shoka, ananitazama. "Mama, mimi nifuate la nani?" Swali zuri kabisa. Hela ya kiwanja ilitoka kwenye mishahara yote miwili, lakini fundi alikuwa anajua namba moja tu ya simu.

Wiki mbili zilizofuata tuliongea kupitia kwa fundi. Mwambie mama mchanga umefika. Mwambie baba hela nimetuma. Chumba kimoja, kitanda kimoja, kila mtu na ukuta wake. Ukisikia ndoa imeingia nyufa, usidhani siku zote kuna mtu wa tatu. Wakati mwingine kuna mti.

Hodi ya Jumapili

Mambo yalibadilika Jumapili moja tulipokuwa wote wawili kiwanjani, kila mmoja upande wake. Mzee mmoja wa jirani alipiga hodi akiwa na mjukuu wake aliyebeba kikapu. Baada ya salamu akasema taratibu kwamba kuna msiba, amefiwa na dada yake, na kina mama wanasubiri. Alikuwa anaomba majani ya mkunazi.

Mimi nimekulia kwenye baridi ya Njombe, kwetu ni mapeasi na parachichi, kwa hiyo sikuelewa mara moja. Mume wangu alielewa. Kwa Waislamu, maiti huoshwa kwa maji yaliyochanganywa na majani ya mkunazi, na huku Pwani majani hayo hutwangwa na kusuguliwa majini mpaka yakatoa povu. Ni sabuni ya asili. Povu hilo halichubui ngozi, na wanawake wengi hulitumia pia kuoshea nywele.

"Mti huu tunauomba majani tangu kabla ninyi hamjanunua," yule mzee akasema. "Nikasikia mnaukata, nikasema niwahi."

Mume wangu hakujibu kitu. Alichukua panga, akakata vitawi vyororo kimoja kimoja, akajaza kikapu, na miiba ikamchora mikono yote miwili. Mzee alipoondoka alikaa juu ya tofali muda mrefu. Kisha akaniambia, "Baba yangu alioshwa kwa majani haya. Sikuwahi kujiuliza waliyatoa kwa nani."

Ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu baada ya wiki mbili ambayo haikupitia kwa fundi.

Mti wenyewe ni upi?

Kabla sijaendelea, nikutambulishe kwa huyu mgomvi wetu, maana huenda unampita kila siku na humjui. Wataalamu wanamwita Ziziphus mauritiana. Ni mti wa kimo cha kati, matawi yake huinama kama mwavuli uliolemewa na mvua. Majani ni madogo ya mviringo, juu ya kijani kilichokolea na kung'aa, chini yana weupe kama yamepakwa unga. Miiba mara nyingi hukaa miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umejipinda kama ndoana. Ule ulionyooka unakuchoma ukiingia, ule uliopinda unakushika ukitoka.

Tunda lake, kunazi, huanza likiwa kijani, likageuka njano, kisha hudhurungi yenye wekundu na kukunjamana. Likiwa la njano linakatika kama tofaa dogo chachu. Likikunjamana, nyama yake inakuwa kama unga wenye utamu na uchachu kwa pamoja. Ndani kuna kokwa moja ngumu hasa. Kunazi mbichi zina vitamini C kwa wingi, ingawa jua na moto hupunguza sehemu yake.

Mkunazi unavumilia ukame, kwa sababu mzizi wake mkuu unashuka chini sana. Ukikatwa kisiki huchipua tena, ndiyo maana hata fundi wetu angeumaliza wote, tungegombana naye upya mwaka uliofuata. Mbao zake ni ngumu, kuni zake zina moto mkali, na hapo ndipo hatari ilipo. Huku Pwani, ambako jiji la jirani linapikia mkaa, mti wenye moto mzuri hauna maisha marefu.

Na jina lake limeota mizizi zaidi ya tunavyodhani. Ukienda Mji Mkongwe wa Unguja utapita Mkunazini. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu la Anglikana likajengwa papo hapo. Katika tafsiri za Kiswahili za Kurani, mti unaoitwa sidr kwa Kiarabu umeandikwa mkunazi. Oman na Yemen wana ndugu yake wa karibu, na asali ya nyuki wanaotembelea maua ya mti huo huuzwa kwa bei inayoshtua.

Mke mwenza wa Kisarawe

Majuma mawili baada ya msiba ule tulikwenda kumsalimia bibi mzaa baba wa mume wangu, anayeishi upande wa Maneromango, wilayani Kisarawe. Kutoka Kibaha unaweza kuzunguka kupitia jijini, Gongo la Mboto na Pugu, ukipita kando ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Sisi tulikatiza Mlandizi.

Kama hujaolewa Uzaramoni, ngoja nikuandae. Bibi wa mume wako si mkwe, ni mtani wako.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu unamlisha nini huko, mbona shingo imekuwa ya kuku?"

Tukacheka, tukakaribishwa mkekani, tukapewa madafu. Mume wangu akafanya kosa la kusimulia habari za geti. Bibi aliacha kutafuna tambuu.

"Wewe? Wewe ndiye unataka kukata mkunazi?" Akanigeukia mimi. "Mke mwenzangu, mwulize huyu baba yake alinunuliwa na nini madaftari."

Ndipo ikatoka hadithi ambayo mume wangu hakuwahi kuisikia. Bibi alipoachwa mjane, watoto wakiwa wadogo, korosho zilikuwa za msimu na mihogo ilikuwa ya kula. Hela ya mkononi ilitoka kwenye mikunazi mitatu iliyokuwa nyuma ya nyumba. Masika yakiisha na hewa ikianza kupoa, yeye na watoto waliamka alfajiri kuokota kunazi zilizodondoka usiku. Zile za njano waliziuza kwa kikombe karibu na shule. Zilizokunjamana walizianika mkekani. Na zilizobaki, zile ambazo hakuna mtu angezinunua, bibi alizipika na sukari akakata vipande. Watoto wa shule walivipanga foleni.

"Baba yako akivaa viatu, ni kunazi. Akibeba daftari, ni kunazi. Hata wenzake walikuwa wanamwita hivyo, Kunazi."

"Mbona hakuniambia?" mume wangu akauliza.

"Ulimwuliza?"

Nilitazama pembeni. Swali lile lilikuwa limetumwa kwake lakini lilinifikia na mimi. Mwaka wa tano wa ndoa, na mimi nilikuwa sijawahi kumwuliza kwa nini anataka geti pana kiasi kile. Jioni ile, njiani, nilimwuliza. Akasema baba yake alikufa akiwa anachekwa na ndugu kwamba kazi yote ile, hata baiskeli hakuacha. Geti la gari lilikuwa jibu lake kwa hao ndugu.

Kumbe hatukuwa tukigombania mti.

Peremende za masikini, harusi za matajiri

Siku ile bibi alinipikia hizo peremende, na nilipozionja nilijiuliza kwa nini hatuzioni mjini. Ubuyu wa Zanzibar umejaa kila mtaa, mwekundu, wenye iliki na pilipili, mpaka ofisini kwetu hakikosekani kikopo. Ukwaju tunanunua. Kunazi tumeziacha kwa watoto na mbuzi, eti chakula cha shida.

Wenzetu wamefanya tofauti. Zimbabwe na Malawi tunda hilihili linaitwa masau, na huliwa bichi, hukaushwa na kuuzwa sokoni. India, ambako linaitwa ber, lina aina zilizoboreshwa kwa kubebesha, kama Gola, Umran na Seb, zenye matunda makubwa kuliko haya yetu ya porini. Kusini mwa India hutwanga kunazi pamoja na pilipili, chumvi na sukari guru, wakaanika vibao vidogo juani, na watu wazima huko wakikumbuka utoto wao hukumbuka ladha hiyo.

China ndiyo kiboko. Wao wana ndugu wa mkunazi wetu, Ziziphus jujuba, na tunda lake kavu jekundu linaitwa zao. Sasa, neno zao linafanana kwa matamshi na neno la Kichina lenye maana ya "mapema". Kwa hiyo kuna desturi ya kuweka matunda hayo kwenye kitanda cha maharusi, pamoja na karanga na mbegu nyingine, yaani jamani leteni mtoto mapema. Hebu fikiria shangazi zako wanamwaga kunazi kwenye shuka lako jipya usiku wa harusi. Sisi wenye ya miiba tusingelala.

Na umewahi kusikia peremende zinazoitwa jujube? Zamani Ulaya zilikuwa dawa ya kikohozi, zikitengenezwa kwa sukari, gundi ya miti ya jamii ya migunga na maji ya tunda hili lililochemshwa. Baadaye viwanda vikaona tunda ni gharama, vikaliacha, vikabaki na jina. Leo mtu anaweza kula jujube maisha yake yote asijue kuwa lilikuwa jina la tunda. Bibi yangu wa Kisarawe yeye ana tunda na wala hajawahi kuzipa peremende zake jina. Anaziita tu "vile vya sukari".

Jikoni kwangu: mara tatu ndiyo ikakubali

Nilirudi Dar na kilo mbili za kunazi kavu na kiburi cha mtu aliyetazama mara moja. Mkupuo wa kwanza niliweka sukari mapema mno, nikajibu simu ya kazi, rojo ikashika chini ya sufuria. Mume wangu aliisugua ile sufuria siku mbili.

Mkupuo wa pili ulipendeza macho. Nikaufunga kwenye kopo ukiwa bado na unyevu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwaringishia wenzangu. Baada ya siku nne kulikuwa na ukungu wa kijani. Nilitupa wote, na nikampigia bibi simu kwa aibu. Akaniambia, "Mke mwenzangu, jua halina bosi. Lisubiri."

Wa tatu ulikubali. Niliupeleka ofisini Jumatatu, chai ya saa nne haikuukuta. Na wewe ukitaka kujaribu, hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

Chagua vikombe vinne vya kunazi kavu zilizokunjamana, toa zenye matundu ya wadudu, osha vizuri mara mbili. Loweka usiku kucha kwenye vikombe sita vya maji.

Asubuhi chemsha kwa maji hayohayo mpaka zilainike kabisa, kama nusu saa au zaidi. Zikipoa kidogo, zivuruge kwa mkono safi au mwiko, kisha sukuma kwenye chekecheke. Kokwa na maganda vibaki juu, rojo ishuke chini. Usitumie blenda kabla ya kutoa kokwa, utaua blenda.

Pima rojo. Kwa kila vikombe viwili vya rojo, weka kikombe kimoja cha sukari, lakini si sasa. Kwanza ipike rojo peke yake kwa moto mdogo mpaka ianze kuwa nzito. Ndipo uweke sukari, chumvi kidogo sana, tangawizi ya kusaga na iliki. Anayependa pilipili aweke chembe.

Koroga bila kuondoka. Simu iache chumbani. Ukitaka kujua kama imeiva, dondosha tone kwenye maji baridi. Likishikamana ukaweza kulifinyanga kwa vidole, epua.

Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, unene wa kidole kidogo. Funika kwa neti safi kuzuia nzi, anika juani siku mbili au tatu, ukiingiza ndani jioni. Kata vipande, vigaragaze kwenye unga wa ubuyu uliochanganywa na sukari ili visigandane. Hifadhi kwenye kopo kavu.

Angalizo mbili. Kwanza, hii ni peremende, ina sukari, usije ukamdanganya mtu mwenye kisukari kwamba ni dawa kwa vile imetoka mtini. Pili, mtoto mdogo usimpe kunazi nzima. Kokwa ile inateleza na inaweza kumkaba.

Mkija kuona biashara

Wenzangu ofisini walipoanza kuagiza, mume wangu alitoa kikokotoo. Najua hata wewe umeshatoa chako. Taratibu.

Ukiacha kuwapikia marafiki ukaanza kuuza madukani, umeingia kwenye usindikaji wa chakula, na huko kuna sheria. Tangu mwaka 2019, kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Watataka kujua unapikia wapi, maji unatoa wapi, lebo yako inasema nini. Usione ni usumbufu, kumbuka ule ukungu wangu wa kijani. SIDO, ambalo lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, hutoa mafunzo ya usindikaji na ni mahali pazuri pa kuanzia. Na ile mifuko ya plastiki tuliyozoea kubebea kila kitu ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ulizia mapema kuhusu vifungashio.

Kingine ni miti. Kunazi ni za msimu, na nyingi ziko kwenye mashamba na viwanja vya watu wenyewe. Ukienda Kisarawe kununua, nunua kwa yule aliyeokota. Ukimwona mwenye shamba anataka kuchoma mkaa, mweleze kwamba mti huu kila mwaka unazaa, na mkaa unauza mara moja. Asipokusikiliza, mtume bibi yangu.

Sisi wenyewe hatujafungua kiwanda. Tunapika kwa msimu, tunauzia watu tunaowajua, na bibi anapata fungu lake kwanza. Ndiyo sharti alilotoa, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Geti likaenda pembeni

Sasa, mti ulipona vipi? Si kwa bure. Kuhamisha geti kulimaanisha kuvunja msingi wa ukuta uliokwishawekwa na kuanza upya upande wa kushoto. Hela hiyo ilitoka kwenye vigae vya jikoni kwangu, kwa uamuzi wetu wote wawili, mezani, na karatasi. Mpaka leo jikoni kwangu ni saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Kila nikipiga deki najikumbusha kwamba nami nilikuwa na kikao changu.

Upande wake, mume wangu alipata ushauri kwa bwana shamba mmoja kwamba mkunazi huzaa kwenye matawi machanga ya msimu huohuo. Wakulima wa India hupogoa mikunazi yao kila mwaka kwa sababu hiyo. Yaani mwanaume aliyetaka kukata sasa ana ruhusa ya kukata, kila mwaka baada ya mavuno, na akikata vizuri mti unazaa zaidi. Huwa ananiambia siku tatu kabla. Fundi naye siku hizi ana namba zote mbili.

Yule mzee wa jirani bado hupiga hodi, safari nyingine kwa majani, safari nyingine kwa mazungumzo tu. Watoto wa mtaani huja asubuhi kuokota zilizodondoka. Tumewaambia waokote watakavyo, wasipande juu, na kila mmoja amwachie mama mwenye nyumba kiganja kimoja. Bibi aliposikia sharti hilo alicheka mpaka akakohoa.

Hivyo, mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzako mna kiwanja Kibaha, Kisarawe au kokote, na kuna mti umesimama mahali pabaya, kabla hamjamwita fundi ulizaneni maswali mawili. Majirani wanautumia kwa nini? Na mwenzangu, hicho unachotaka kuweka mahali pake, unakitaka kwa ajili ya nani? La pili ndilo gumu. Sisi lilituchukua miaka mitano.

Kivuli cha mkunazi kwa sasa kinafika mpaka barazani. Geti liko pembeni, pana kama alivyolitaka.

Gari bado hatujanunua.